Muhuri wa Mama Daftari

Jumatano, tarehe 9 Julai. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye vikombe vya chai.

Mama Daftari alirudi kazini saa kumi kutoka kwa daktari wa meno, shavu lina ganzi, akakuta droo yake wazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefasiri Kihispania katika ofisi ya shemeji yake, na karatasi haikutoka mpaka aisome kwa sauti, neno kwa neno, ndipo apige muhuri wenye jina lake. Daftari lililompa jina lilijaa maneno ya Kihispania yanayofanana na ya Kiingereza kwa sura tu: *carpeta* ni jalada, si zulia, *éxito* ni mafanikio, si mlango wa kutokea.

"Shemeji, nani kafungua droo yangu?"

"Mimi. Binti wa yule mzee aliyetibiwa nje ya nchi alikuja anahema, babake anapasuliwa keshokutwa. Nikamfasiria ripoti, nikapiga muhuri. Kihispania na Kiingereza si ndugu?"

Akaisoma nakala ya tafsiri kando ya ripoti yenyewe. Kwenye mstari wa nne damu ikamchemka. Daktari wa kule aliandika kwamba mzee ni *constipado*, yaani ana mafua, asipewe dawa ya usingizi mpaka apone. Shemeji, kwa kufuata *constipated* ya Kiingereza, aliandika: amefunga choo.

"Watampa dawa ya kulainisha choo! Akishaenda choo watasema kapona, wamlaze usingizi na mafua yake! Kwa muhuri wangu!"

"Punguza sauti, wateja wanasikia. Tukisema tumekosea, nani ataleta kazi hapa tena? Hospitali wana macho, watamwona anapiga chafya."

"Kumbe wao wana macho! Yako uliyaweka wapi?"

"Shemeji, mimi ni mume wa dada yako."

"Dada nitamweleza mwenyewe. Toka mezani kwangu."

Akampigia binti, simu imezimwa. Akakaa, akafasiri upya, akasoma kwa sauti makusudi, shemeji akiwa pale pale amenuna.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, alikuwa getini hospitalini. Akamkabidhi muuguzi wa zamu karatasi mpya, akamngoja daktari mpaka akaisoma na kuahirisha upasuaji. Kisha akamwambia binti, aliyekuwa kando ya kitanda cha babake, "Kosa lilitoka na jina langu, mwanangu. Nisamehe."

Ofisini alipitia kuchukua daftari tu. Muhuri ulikuwa tayari kwenye mkoba wake.