Saruji ya Msikiti wa Hamadi

Yakubu hakuiba saruji. Hilo litangulie, maana hapa Kisangani limesemwa kinyume mpaka watoto wanalijua kama wimbo. Wanasema mhandisi alikabidhiwa mifuko sitini ya kutengenezea msikiti wa babu zake, akapeleka nusu kwenye kazi yake ya barabara ya Banalia, iliyobaki akaichanganya na mchanga mwingi, ndiyo maana ukuta wa kibla ukaanguka. Hakukabidhiwa mfuko hata mmoja. Aliinunua yeye mwenyewe, na kosa halikuwa uchache wake. Anayebisha achukue nyundo, apige lile bamba analofulia nguo uani kwake. Vipande vya ukuta ule majirani walivibeba siku tatu mfululizo, wakavifanya vizingiti na mabamba ya kufulia, na hadi leo hakuna kilichopasuka. Wanamsengenya marehemu huku wamesimama juu ya saruji yake.

Yakubu alizaliwa katika ukoo wa Hamadi, ule uliokuja na misafara kutoka Kasongo enzi za biashara ya pembe, ukatua mtoni, ukabaki. Hamadi, babu wa babu yake, ndiye aliyeujenga msikiti. Aliujenga kwa udongo ulioshindiliwa, kuta nene kama urefu wa mkono, nguzo za miti migumu ya msituni, na mihrabu iliyofinyangwa kwa viganja. Hakuna chuma ndani yake. Ulisimama wakati wa Wabelgiji, ukasimama wakati wa maasi, ukasimama hata zile siku sita ambapo majeshi ya wageni yalipigana mjini na makombora yakapita juu ya mapaa.

Ulisimama kwa sababu ulitunzwa. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, wanawake wa ukoo waliupaka upya. Walichukua udongo wa kichuguu, wakauchanganya na majivu na utelezi wa gome la mti lililoloweshwa siku tatu, wakaupaka kwa mikono mitupu kuanzia chini hadi pale mkono unapofika. Siku hiyo mwanamume haingii. Aliyewaongoza ni Mwanahamisi, shangazi yake Yakubu, mwanamke mfupi asiyejua kusoma jina lake. Alipita ukuta mzima akiuwekea kiganja, hatua kwa hatua. Pengine alisimama na kusema, "Hapa iko baridi." Basi kesho yake wanaume walichimba mfereji upande ule, au walibadilisha bati lililokuwa likivuja. Hakuna aliyeiita kazi hiyo uhandisi. Iliitwa kupaka.

Mhandisi wa kwanza wa ukoo alikuwa Yakubu. Alisoma ujenzi Kinshasa, akarudi na diploma, akamwoa Nasra, binti wa mkuu wa shule, ambaye naye alifundisha hesabu kwa miaka ishirini na nane. Nasra aliupenda usafi wa kazi ya mumewe. Aliwahi kumwona akirudisha lori zima la kokoto kwa sababu lilikuwa na udongo, dereva akimtukana, yeye akijifuta miwani. Madaraja manne ya njia ya Banalia aliyasimamia yeye, na kwenye reli ya Ubundu walimwita kila bonde lilipomeza mataruma. Hayo madaraja yanapitisha malori hadi leo. Watu wanayapita na kufika upande wa pili kumsema.

Mwaka mmoja walikuja wahandisi wawili aliosoma nao. Yakubu akawapeleka kuuona msikiti, kwa fahari. Mmoja wao alikwaruza ukuta kwa kidole, kikatoka na vumbi jekundu, akakifuta kwenye leso.

"Confrère," akasema, kama wasomi wa kazi moja wanavyoitana, "wewe unajenga madaraja ya béton, na mama zako bado wanachezea matope?"

Wote wawili walicheka. Yakubu naye alicheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitangulia mbele peke yake, na Nasra, aliyekuwa pamoja nao, alijua kwamba ameguswa, kwa sababu na yeye aliguswa.

Juma lile lile Yakubu alikwenda kwa shangazi yake. Mwanahamisi wakati huo alikuwa na miaka sabini na kitu, na magoti yake yalikuwa yameanza kumkataa.

"Shangazi, mwaka huu mupumzike. Nitaweka ciment. Haitaomba kupakwa tena."

"Na sisi tutafanya nini Shaabani?"

"Mutakunywa chai."

"Chai tunakunywa kila siku, mutoto yangu. Ile ukuta tunaigusa mara moja kwa mwaka. Nani ataigusa?"

"Hakuna mutu atakuwa na lazima ya kuigusa. Donc, ndiyo kazi ya ciment."

Mwanahamisi alimtazama Nasra, kana kwamba anatafuta mwanamke mwenzake amsaidie. Nasra akasema kwamba dunia imeendelea, na mwenye mtoto mhandisi hana sababu ya kupiga magoti kwenye udongo.

"Bon," akasema shangazi. "Ninyi ndio mulisoma."

Kazi ilifanywa na Constant, fundi mwashi wa kutoka Yanonge, Mkristo aliyekuwa na Yakubu kwenye madaraja yote manne. Walipigilia wavu wa waya ukutani, ndani na nje, kisha wakaanza kuchanganya. Kawaida ya plasta ni toroli kadhaa za mchanga kwa mfuko mmoja. Yakubu aliagiza toroli moja kwa mfuko mmoja.

"Ingénieur," Constant akauliza, "tunajenga msikiti ao tunajenga pont, daraja la tano?"

"Changanya, Constant."

"Mimi nachanganya. Lakini Mungu wenu akitaka kuingia, atapitia wapi?"

Mafundi wakacheka, Yakubu akamwambia apunguze mdomo aongeze maji. Walipaka unene wa vidole viwili. Ilipokauka, msikiti ulimeta kama benki ya Makiso, katikati ya mji, na watu walikuja kupigwa picha mbele yake. Feruzi, mfanyabiashara wa vitenge anayekaa mtaa wa pili katika nyumba ya udongo ya babu yake, alizunguka ukuta mara mbili akiugonga kwa pete na kusema kwamba huyu ndiye mwana.

Shaabani iliyofuata wanawake walikunywa chai. Mwanahamisi alikwenda peke yake, akaweka kiganja ukutani, akasogea, akaweka tena. "Iko baridi fasi yote, kila pahali," alimwambia Nasra. "Haisemi tena." Nasra alimletea kiti.

Mvua za miaka mitatu zilipita. Ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini na kutoka darini, kisha jua linayatoa. Ndivyo ulivyoishi miaka yote ile. Sasa maji yalikuwa yakiingia kama zamani na hayakuwa na pa kutokea. Nje ukuta ulikuwa mweupe na mgumu. Ndani ulikuwa ukigeuka uji. Mikono iliyokuwa ikiligundua jambo hilo kila mwaka ilikuwa imepumzishwa.

Ulianguka Jumanne moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, baada ya siku mbili za mvua. Msikiti ulikuwa mtupu, hakuna aliyeumia. Yakubu na Nasra walifika kwa pikipiki. Saruji ilikuwa imelala uani kwa mabamba makubwa, mazima, wavu ukichungulia pembeni. Nyuma yake ulikuwapo udongo wa Hamadi, mwekundu, laini kama ugali usioiva. Mihrabu haikuwapo tena. Watu walisimama mbali. Yakubu alipiga goti na suruali yake ya kazi, akachota donge, akalikamua, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama Safiya," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyozoea. "Ni mimi. Nilifunga maji ndani."

Siku mbili zilizofuata alikaa mezani akiandika barua kwa imamu. Ilikuwa kurasa mbili na mchoro mmoja, umechorwa kwa rula, mishale ikionyesha maji yanavyopanda na mahali yalipozuiwa. Aliandika kwamba kosa ni lake peke yake. Kwamba alisomea saruji na chuma, na udongo hakufundishwa, lakini angeweza kumwuliza shangazi yake na hakuuliza. Kwamba mtu yeyote mwenye nyumba ya zamani asiipake saruji, na aliyekwisha kuipaka aibandue kabla ya mvua. Akaomba isomwe mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa. Akatia sahihi, na chini yake akaandika cheo chake chote.

Ijumaa asubuhi, akitawadha, alianguka. Daktari alisema ni presha. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, lakini akili haikuguswa, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Alimwonyesha Nasra bahasha kwa mkono wa kushoto.

"Peleka."

Nasra alijifunga mtandio, akaichukua, akaenda hadi mlangoni kwa imamu. Kisha akarudi nayo, akaiweka chini ya nguo zake katika sanduku.

"Wamesoma?" Yakubu aliuliza jioni ile.

"Wamesoma, Papa Safiya."

"Walisema nini?"

"Walinyamaza."

Mjini hawakunyamaza. Ukuta umeanguka, mhandisi hajitokezi, hakuna neno lililotoka nyumbani kwake. Watu walilijaza pengo kwa kile wanachokijua zaidi, wizi. Baada ya majuma mawili hadithi ya mifuko sitini ilikuwa imekamilika, na waliokuwa wakila nyumbani kwa Yakubu kila Idi walianza kupita njia nyingine. Yeye alilala akitazama mlango. Aliamini kwamba wamesikia barua yake, wameelewa, na hawakumsamehe.

Constant alikuja, na Nasra akamzuia barazani.

"Mama, watu wanasema aliiba. Mimi ndiye nilichanganya, najua kila mfuko. Uniache niende niseme."

"Utasema nini? Kwamba alikosea?"

"Kukosea si kuiba, Mama."

"Mutu wa bridji nne hakosei ukuta. Rudi kwako, Constant."

"Niingie basi nimusalimie."

"Amelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa ameisikia sauti, lakini maneno hayakumfikia. Alipouliza ni nani, Nasra alisema ni mwuza mkaa.

Ijumaa nane mfululizo Yakubu aliuliza swali lile lile kwa njia tofauti. Je, imamu hakusema kitu? Je, shangazi alikuwapo waliposoma? Ijumaa ya nane aliuliza, "Hata Constant hakuja?" Nasra akajibu, "Hata Constant." Baada ya hapo aligeukia ukuta, na Ijumaa mbili hakuuliza. Ya kumi na moja alisema jambo moja tu: "Basi niwaache." Alifariki Alhamisi iliyofuata, adhuhuri, Safiya akiwa bado njiani kutoka Kinshasa. Waliobeba jeneza hawakutosha kupokezana.

Kuna mwingine aliyedhurika na kimya hicho. Miezi ile ile ambayo Yakubu alikuwa kitandani, Feruzi aliipaka saruji nyumba ya babu yake, msingi hadi dari. Akajigamba sokoni kwamba yeye si mwizi, kwa hiyo ameweka mara mbili ya mhandisi. Mwaka huu ukuta wa upande wa bafu umeanza kuvimba chini, na ndani ya chumba kile wanalala wajukuu zake watano.

Nasra alipouona alikwenda na barua mkononi. Feruzi aliisoma yote, akiwa amesimama, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Mama Nasra, pole ya bwana yako. Lakini usisafishe jina yake na nyumba yangu."

"Angalia mchoro. Angalia tarehe."

"Tarehe nimeona. Kama ilikuwa ya kweli, ungeileta siku ile."

Nasra aliipeleka kwa imamu. Imamu akasema kwa adabu kwamba karatasi iliyotoka kwa mjane, miaka miwili baada ya mazishi, haiwezi kusomwa mbele ya watu, watasema familia imeiandika yenyewe. Constant angeweza kushuhudia, lakini Constant amerudi mtoni Yanonge na hajibu simu za Nasra. Ukuta wa Feruzi bado umesimama. Mvua za Septemba zimeanza.

Basi iandikwe hapa, kwa kuwa kwingine imekataliwa: Yakubu wa Hamadi alikosea, akalijua kosa lake siku ile ile, na alilikiri kwa mkono wake akiwa mzima. Hakuiba. Feruzi aibandue saruji ile, na asiwalaze watoto upande wa bafu.

Ama kwa nini barua ilikaa sandukuni, na Nasra alisimama muda gani mlangoni kwa imamu, na aligeuka kwa sababu gani, hayo hayatasemwa. Atakayeuliza hatajibiwa.