Mguu wa Bata wa Siberia

Callixte alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye barafu, kando ya bwawa lililo kaskazini mwa Fort Worth, akijizuia hata kukohoa. Nyuma yake mkewe, Marie-Goretti, alisimama katika upepo, amevaa tayari kwa misa ambayo yeye ndiye angesoma somo la kwanza. Binti yao Elvire alishika kamera kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Walikuwa wamekuja kwa ajili ya bata mmoja tu. Wiki iliyopita, akirudi nyumbani Haltom City kutoka zamu ya ghalani, Callixte alimwona hapa bata wa Siberia, mwenye uso wa manjano na kijani, ndege ambaye watazamaji wengi wa Texas huzeeka bila kumwona. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wenzake wapenda ndege. Otieno, Mkenya mwenye kazi ya ofisini kule Plano, akamjibu mbele ya wote: "Mzee, huyo ni bata wa jirani ametoroka sufuria."

Kundi zima lilicheka. Lakini mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, akihojiwa tena na tena kama anasema kweli, hachukulii jambo kama hilo kuwa mzaha. Callixte alitaka picha.

Bata alikuwa amelala katikati ya kundi la bata wa kijivu, kichwa kikiwa kimefichwa mgongoni. Marie-Goretti alikumbusha kwamba wanachelewa. Callixte aliomba dakika chache, kisha akaomba nyingine. Mara mwewe akapita juu, na bwawa zima likaruka. Elvire akashusha kamera. Callixte hakuinuka.

Ndege wakarudi kidogo kidogo. Mmoja, mdogo, mwenye uso ule wa manjano na kijani, akapanda juu ya gogo na kusimama kwenye jua. Elvire akampiga picha.

Garini Elvire aliihamishia ile picha kwenye simu, na Callixte akaikuza na kuikagua kila upande, kama anavyokagua mzigo kabla ya kuupokea. Mguuni palikuwa na pete nyekundu ya plastiki. Bata alikuwa wa kufugwa. Otieno alikuwa amesema kweli.

Elvire, kwa Kiingereza kama kawaida yake, alishauri waikate picha chini ya tumbo; hakuna atakayejua. Marie-Goretti aliendesha kuelekea kanisani.

Siku hizi watu hudai kwamba kukata picha si kusema uongo. Ni uongo, tena uongo wa mwoga. Callixte naye aliishika simu muda mrefu kuliko ilivyompasa.

"Tuma nzima," alisema hatimaye, akimpa Elvire simu. "Na miguu yake."

"Papa, watakucheka."

"Acha wacheke. Tuma."

Walicheka hadi Jumatatu. Marie-Goretti alikuta somo la kwanza limeshasomwa na mwingine, na hilo hakumsamehe mumewe upesi.

Mwezi Februari Callixte aliandika tena kwamba ameona ndege mgeni, safari hii bila picha. Otieno hakudai picha; aliuliza jambo moja tu: akija kumwona, gari aliegeshe wapi.