Siku Paskazia Alipovuka Uwanja

Kwao Paskazia, kando ya barabara iendayo Bulyanhulu, watu walikuwa wameshachoka kuelezwa anachosomea chuo kikuu. Sayansi ya michezo na mazoezi, aliwaambia. Wakamtazama wee, kisha mmoja akauliza kama huko mtihani ni kukimbia na anayeshika mkia anafukuzwa. Mwingine akasema mtoto wa watu amevuka mikoa kibao kwenda kufundishwa kuruka kamba, na walimu wanalipwa mshahara. Paskazia alicheka nao. Ukiukasirikia utani wa Wasukuma, utakasirika mpaka uzeeke.

Mtu mmoja hakumcheka, naye ni mjomba wake, Mwigulu. Ndiye aliyemnunulia raba za kwanza akimbie mashindano ya shule, na ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema mtoto aachwe asomee hicho hicho anachokitaka. Zamani Mwigulu alichimba dhahabu Nyarugusu, akarudi na bati za kuezekea nyumba na kikohozi kisichokwisha. Lakini jina lake halikutoka machimboni. Alikuwa manju wa Bagalu, kiongozi wa wachezaji wa bugobogobo, wale wanaocheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo.

Usukumani ngoma ina pande mbili, Bagalu na Bagika, na mtu huzaliwa na upande wake kama anavyozaliwa na ukoo. Mama yake Paskazia alikuwa Bagalu. Baba yake, Mihayo, ni Bagika wa kutupwa. Ndoa yao ilisemwa sana enzi hizo, na kila baada ya mavuno, mashindano yakikaribia, mama alikuwa akipika huku amenuna. Sasa mama ni marehemu, na Paskazia alidhani mambo hayo amekwenda nayo.

Akiwa mwaka wa tatu alirudi nyumbani kufanya utafiti wake: moyo wa mcheza ngoma unafanyaje kazi. Wachezaji wa mjomba walipanda na kushuka kwenye kreti la soda, naye akawabana kidole kwa kipimo cha mapigo, kisha akahakikisha mwenyewe kwa kushika kifundo cha mkono. Vijana walishindana kama vile kuna ng'ombe wa zawadi. Mwigulu alipanda wa mwisho, huku wakimshangilia.

Kipimo kikagoma kusoma. Paskazia alikifuta kwa khanga, akajaribu tena, mwishowe akakiweka chini na kushika mkono wa mjomba. Mapigo yalikimbia, yakasita, yakaja mawili kwa pamoja, yakapotea. Alisubiri yatulie. Vijana walikuwa wameshapoa na kuanza kugombania mihogo, na moyo wa mjomba bado ulihangaika kama kuku aliyefungwa miguu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Vipi, ng'wanawane, mwanangu," mjomba aliuliza, "nimefaulu?"

"Pumzika kwanza, mjomba," alisema Paskazia. Hofu ilikuwa imeshamshika.

Mchana ule ule alimpigia simu mwalimu wake. Mwalimu akamkumbusha kwamba wao si madaktari, hawana ruhusa ya kumwambia mtu anaumwa nini. Mzee apelekwe hospitali, na asicheze mpaka apimwe. Ni rahisi kusema ukiwa ofisini. Mashindano makubwa ya mwaka yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mjomba uani, anasugua mpini wa jembe lake. Mkewe, Martina, alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, moyo wako haupigi vizuri. Nakuomba twende hospitali Kahama kabla hujacheza."

"Mashindano ni kesho."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Mwigulu aliendelea kusugua mpini. Martina aliacha kupepeta.

"Baba yako umemwona lini?" mjomba aliuliza.

"Nakaa kwake, mjomba. Nimemwona asubuhi hii."

"Haya."

Hapo ndipo Paskazia alipoliona kosa lake. Wiki ya mashindano, mtu wa upande wa pili hamgusi manju. Manju anakuwa ameshaoga dawa ya mvuto, ile ya kuwavuta watazamaji, na mkono wa mpinzani unaiharibu. Hata watoto wanalijua hilo. Yeye pia alilijua, ila chuoni alikuwa amezoea kushika mikono ya watu bila kuuliza wao ni wa kina nani. Kwa mama ni Bagalu, lakini mtoto ni wa baba, yaani Bagika.

"Moyo wangu ulikuwa mzima mpaka ulipoushika," alisema Mwigulu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Nilikupa mkono kama mtoto wa dada yangu, nikasahau upande wako. Sisemi umekusudia. Umetumwa bila kujua. Mihayo hataki niingie uwanjani, na angemtuma nani zaidi yako?"

"Hakuna aliyenituma, mjomba."

"Nitaoga upya. Wewe nenda nyumbani."

Martina alimsindikiza mpaka njiani. "Ni kweli anaumwa?"

"Sijui, mama. Naogopa tu."

"Mimi nimemsema tangu mwaka jana, namna anavyohema. Hasikii." Alishusha sauti. "Manju haachi ngoma, mwanangu. Ngoma ndiyo inamwacha, watu wakiondoka."

Siku ile nzima Paskazia hakula. Labda alikosea. Labda kipimo ni kibovu, na vidole vyake vilihesabu vibaya. Alimweleza baba yake, naye Mihayo akajibu kwamba kama Mwigulu anaogopa kushindwa, aseme. Paskazia akaona heri angenyamaza.

Jumamosi uwanja ulifurika: wakulima, wachungaji wa ng'ombe, wachimbaji waliokuja na bodaboda zao wakiwa bado na vumbi la mwamba kwenye nywele. Bagalu huku, Bagika kule, wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu huamua kwa miguu yao, wanahamia panapowakosha, na upande ukibaki mtupu ngoma yake inanyamaza.

Paskazia alisimama upande wa mjomba. Mwigulu aliimba, watu wakamiminika, na kadiri walivyomiminika ndivyo alivyozidi kucheza. Akarusha jembe juu, akalidaka kwa mikono miwili. Watu wakashangilia wakidhani ni madoido mapya. Paskazia hakuwahi kumwona mjomba akidaka jembe kwa mikono miwili. Lililofuata alilidaka huku kiwiko cha kushoto kimebana mbavu, na jasho lilikuwa limemkauka usoni.

Kwenda kumshika asingeweza. Vijana wangempiga, na mjomba angeoga upya na kurudi. Yakamjia maneno ya Martina: watu wakiondoka.

Akavua viatu, akavuka uwanja. Alipiga vigelegele kwa nguvu zake zote ili kila mtu ageuke amwone, mpwa wa Mwigulu, akiingia kwenye duara la Bagika. Akampokonya mchezaji mmoja jembe, akaanza kucheza. Hakucheza vizuri, na wala haikuhitajika. Watu wakisikia mpwa amemgeuka mjomba wake uwanjani, wanaacha hata sahani ya wali. Walikuja mbio, wakikanyagana, wengine wakicheka, wengine wakimtukana. Mihayo alilia kwa furaha, na Paskazia alishindwa kumtazama.

Alicheza huku anasikiliza ngoma ya ng'ambo. Iliendelea kwa ukaidi, ikapungua, ikabaki ya mtu mmoja, kisha ikanyamaza. Akaangusha jembe. Kule kulikobaki kutupu mjomba alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, Martina akimmiminia maji kichwani. Alikuwa hai. Alimtazama Paskazia mpaka Paskazia akainamisha uso.

Jumatatu Martina alimpeleka hospitali, wakamlaza. Baadaye akapiga simu, akiongea kwa sauti ya chini. Moyo umetanuka. Madaktari wamesema angeendelea kucheza siku ile, sasa wangekuwa matangani.

"Wamemwambia mwenyewe?" Paskazia aliuliza.

"Mbele yangu. Amesikia vizuri. Anasema sasa hata hospitali wameona ulivyouharibu moyo wake."

Paskazia amerudi chuoni. Wenzake humwuliza mbona utafiti wake hauna majibu ya manju, na yeye huwaambia kipimo kiligoma. Kila Jumapili anapiga simu, na Martina anaiweka sikioni mwa mumewe.

"Shikamoo, mjomba."

Mwigulu haitikii. Wala hasemi simu iondolewe. Paskazia husikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, akiihesabu, mpaka salio linaisha.