Inzobe Niliyemfunga Kamba

Nilimfunga kamba shingoni mnyama wa porini nikidhani ni mbuzi wa dada yangu. Nalisema mwenyewe mapema, maana majirani zangu wa Ngagara wanalo tayari.

Mimi ni mtu wa nyumbani; nikifika sokoni, nimesafiri. Lakini ziwa lilipopanda likaingia uani kwa dada yangu mkubwa kule Kibenga, ilinibidi niende kumhamishia magodoro. Mbuzi wake jike alikuwa hajulikani alipo. Nyuma ya nyumba, katikati ya matete yaliyosukumwa na maji, nikaona pua na macho mawili tu.

"Mbuzi wako anazama!" nikapiga kelele, nikaingia na suruali yangu ya misa.

Kadiri nilivyomkaribia ndivyo alivyozidi kuzama. Nikamdaka masikio, nikamfunga, nikamburuta hadi ngazini huku najisifu. Ndipo nikaona kwato: ndefu kama vidole, zimeachana. Manyoya mekundu ya udongo, mistari myeupe mbavuni. Mbuzi gani huyu? Miguu yake ikakakamaa. Pumzi ikawa ya kukatikakatika. Mimi nikabaki nimeshika kamba.

Jirani wa dada, fundi wa magari, akaruka ukuta. "Subhanallah! Muzee, fungua iyo kamba! Ni inzobe, inakufa na woga!"

Inzobe? Siku ya mahari, msemaji wetu alimwita mke wangu hivyo kwa ajili ya rangi yake ya maji ya kunde, nami nimemwita hivyo hadi leo. Nilijua ni rangi tu. Fundi, huku akimfunika mnyama macho kwa shati lake, akanieleza kwamba jina ni la huyu, swala wa kwenye matete. Watu wameliazima kwake, kwa manyoya haya. Miaka yote namsifu mke kwa jina la mnyama, na siku ya kukutana naye namnyonga!

"We mutoto wa mama," dada akasema, "ikikufa hapa kwangu, mi sikujui."

Nikafungua kamba, tukambeba, tukamlaza penye maji. Hakusogea. Nilisali, tena kwa sauti. Sikio likacheza. Akateleza taratibu kwenye matete, mwili wote ukapotea.

Nikakaa kwenye matope. Fundi akakamua shati lake, akanitazama.

"Muzee, ilikuwa inajificha tu. Mwenye alikuwa anaizamisha ni we. Rudi kwako Ngagara, ukae."