Mashuka Mia Sita

Nina mtoto mmoja, wa kiume, na alipooa nilimtia mkewe ila moja: hajui kuhesabu. Wageni wakija, mimi nahesabu vichwa. Yeye anachungulia sebuleni, anaangalia viti vilivyobaki wazi, kisha anashusha vikombe. "Mkwe, wewe unaishi kwa kukisia," nilimwambia. Akacheka tu. Vikombe, nakiri, havikuwahi kupungua.

Yeye ni fundi wa mashine zinazosikiliza vitambulisho vya redio, vidude vidogo kama kifungo cha shati vinavyoshonewa kwenye nguo. Mimi natunza stoo ya mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu. Stoo ina mashine mbili, moja kila upande, na bosi hujumlisha hesabu za zote mbili. Mwezi uliopita zilitoa elfu nne na ushei. Mwezi huu tukapaka rangi, rafu za katikati zikasogezwa ukutani, mashine zikatoa elfu tatu na mia nne. Bosi akaniandikia barua: mpaka Ijumaa nieleze mashuka mia sita yako wapi, la sivyo kazi sina. Uzee huu niitwe mwizi wa mashuka! Nyumbani nikamwonyesha mkwe wangu barua.

Alhamisi mkwe wangu akaja stoo, kompyuta kwapani. Akamwomba bosi rafu zirudishwe katikati. Tukazisukuma watatu, bosi anahema. Mashine zikasoma: elfu nne na kumi.

"Yamezaa?" nikamuuliza bosi. Mdomo wangu hauna breki.

"Ya katikati yanasikika na mashine zote mbili," mkwe akasema. "Yanahesabiwa mara mbili."

Bosi akasema basi tuhesabu kwa mkono, hata siku tatu.

"Sekunde tatu zinatosha," akajibu, bila kujigamba. Akazipa mashine zote namba ileile ya kuanzia, ili kila shuka lijibu kwenye nafasi yake ileile ya muda, liitwe na mashine yoyote. Akaunganisha majibu, kisha akahesabu nafasi zilizobaki kimya. Kimya kikiwa kingi, mashuka ni machache. "Elfu tatu na mia nne, pungufu au zaidi kidogo."

Tukasukuma rafu tena ukutani. Akarudia. Tofauti ilikuwa mashuka tisa tu.

Nikavikumbuka viti vya sebuleni kwangu. Usilolijua ni usiku wa giza.

Bosi aliichana barua, akaomba radhi kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. Tulipotoka nilimshika mkwe wangu mkono. "Nimekukosea miaka minne, mwanangu."

"Yamepita, mama."

Wiki iliyofuata karani alikuwa anajaza upya fomu zetu za wafanyakazi. Akaniuliza nina watoto wangapi.

"Wawili."

"Fomu ya zamani inasema mmoja."

"Walihesabu vibaya," nikamwambia. "Andika wawili."