Saruji Niliyomtumia Mama

Nimelala katika vyumba vya kupanga vya Tabora, Mpanda, Geita na kwingine ambako sasa nakumbuka milango tu. Kote huko nyumba niliyoiota ni moja: ya mama, Kitahana, wilayani Kibondo. Baba aliijenga kwa tofali mbichi juu ya msingi wa mawe kabla sijazaliwa. Kila kiangazi mama aliikandika upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Harufu ile nikiikuta popote, hata kwenye zizi la mtu nisiyemjua, nasimama.

Nilipopata kazi ya maana Geita nilimtumia saruji. Mafundi wa kijijini wakapiga plasta kuta zote za nje hadi chini, wakamwaga na kibaraza cha zege mbele. Nilitumiwa picha, nami nikamwonyesha kila mtu.

Mvua za mwaka wa tatu mama alianza kukohoa. Ukungu mweusi ulipanda nyuma ya kitanda chake. Ukifutwa Jumamosi, Jumatano umerudi. Dada yangu anayeishi Kasulu akanipigia simu: kiangazi kikiingia anamchukua mama, na nyumba ibomolewe. Nilifika Kitahana mvua zikielekea kwisha, nikamkuta mama amekunja uso.

"Kasulu nitalima wapi?" aliniuliza. "Kwenye ndoo?"

Mimi niliamini bati linavuja. Nilishinda juu ya paa siku mbili, nikiziba hata matundu yasiyokuwepo. Ukungu ukarudi. Ndipo dada, pamoja na ukali wake, akanitajia mwanamke wa hukohuko Kasulu, fundi uashi, aliyezoea kuitwa kwenye nyumba kongwe za watumishi kutafuta unyevu ulikojificha. "Akisema haiponi, mama anakuja kwangu," alisema. Mama akakubali, kwa shingo upande.

Fundi alifika na basi la asubuhi, vifaa vyake vikiwa kwenye mfuko wa mbolea. Alimwamkia mama kwa Kiha, "Mwakeye," wakashikana mikono muda mrefu, wakaulizana habari za mashamba. Lakini chai aliikataa.

"Chai inaua pua, mama. Nikimaliza nitakunywa birika zima."

Sijawahi kuona mtu akikagua nyumba namna ile. Paa hakulitazama hata mara moja. Aliinama kila pembe, akanusa. Alifungua gunia la maharage, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kutulia, macho ameyafumba. Tukasogeza kitanda. Akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko kuanzia chini kwenda juu, na pale mlio mzito ulipogeuka kuwa mkavu, usawa wa kiuno, akachora mstari wa mkaa. Akafanya hivyo chumba hadi chumba.

"Maji ya bati hushuka," alisema. "Haya yamepanda. Ona, juu ya mstari pakavu."

"Na matundu niliyoziba?"

"Umeyaziba vizuri sana. Pole."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Nje, fundi aliomba kikombe cha maji, akakimimina juu ya kibaraza. Maji hayakwenda uani. Yalitambaa polepole kuelekea ukutani, yakaingia kwenye ufa mwembamba chini ya plasta, yakapotea.

"Nani aliweka saruji hii?"

Mama aliwatazama kuku kama vile ndio walioulizwa.

"Mimi," nilisema.

Fundi hakunigombeza. Alinieleza kwamba tofali mbichi zikinywa maji hukauka kwa kuyatoa nje, na udongo wa mama ulikuwa unayapitisha. Saruji haikuyapitisha. "Mmeivalisha nyumba koti la mvua huku imelowa," alisema. Akaagiza kibaraza kivunjwe, plasta ibanduliwe mpaka usawa wa mkaa, na mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba. Msingi ulikuwa mzima. Tofali za chini hakuwa na hakika nazo. Angerudi kiangazi kikikolea. Kama zingekuwa bado na maji, dada ndiye angekuwa na haki.

Nilianza kubandua siku ileile. Mama alikaa karibu akichambua mchicha.

"Ukungu niliuona mvua za kwanza tu," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje kuibomoa saruji ya mwanangu? Wewe ulikuwa huji. Saruji ndiyo iliyokuja."

Niliendelea kugonga patasi.

Nilikaa Kitahana wiki kumi, muda mrefu kuliko wowote niliokaa na mama tangu nimalize sekondari. Kuta zilipoanza kukauka alinifundisha kuchanganya udongo na samadi kwa miguu, akinicheka kwamba nakanyaga kama mtu anayeogopa nyoka. Kikohozi kilipungua. Mara mbili nilitamani kupanda basi niondoke, na mara mbili nikachukua jembe nikaongeza kina cha mfereji.

Fundi aliporudi, dada naye alikuja. Ukuta wa nyuma ya kitanda ukapakwa ugali wa muhogo kama gundi, kwenye kingo za mraba tu, ukabandikwa kipande cha nailoni, kikaachwa mpaka kesho yake asubuhi. Kama ukuta una maji, alisema fundi, yatakuwa yamejikusanya ndani ya nailoni kama jasho.

Asubuhi tulisimama wote chumbani. Fundi alibandua nailoni, akapitisha kiganja upande wa ndani, kisha akakiweka kwenye shavu la dada.

"Sema wewe mwenyewe."

Dada akaugusa na ukuta. "Pakavu," alisema.

Halafu akashika kitanda cha mama upande wa miguuni, mimi nikashika upande wa kichwani, tukakirudisha ukutani. Fundi alikuwa ameshatoka, anamuuliza mama birika liko wapi.