Udi Niliouficha Ndani ya Hita

Nisipowasimulia mimi watawasimulia watu wa Mtaa wa Sikukuu, na wale wataongeza chumvi, basi bora mcheke kutoka mdomoni mwangu. Mimi Mwanahamisi binti Juma, bibi wa wajukuu kumi na mmoja (wote nawajua majina na siku walizozaliwa), nimefedheheka Kariakoo mchana kweupe mbele ya mtu ambaye sikutaka anione hata nikipiga chafya.

Mtu huyo ni Bi Rukia binti Salum wa Kigamboni, shangazi wa kijana anayemtaka mjukuu wangu Zuhura. Alikuwa anakuja kututazama kabla barua ya posa haijaletwa, na kwao kule Bi Rukia akisema hapana, hata baba wa kijana hafungui mdomo. Zuhura usiku ule hakulala, mimi ndiyo kabisa. Asubuhi mvua, nikamwambia Shabani, kaka yake Zuhura, tukampokee mgeni Magogoni kwa gari lake, asije akalowa kwenye bajaji. Shabani akaguna.

"Bibi, hita inanuka."

Mtasema hita Dar es Salaam ya nini. AC ya gari lile ilishakufa, na masika vioo vinajaa ukungu huoni mbele, basi Shabani huwasha hita kukausha kioo, na kila akiwasha unatoka uvundo wa soksi zilizolowa tangu juzi.

"Nimeshaongea na fundi Issa wa Gerezani, ataitazama kesho," akaendelea Shabani.

Kesho! Na mgeni anakuja leo!

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nyumba ikinuka mtu anafanyaje? Anafukiza. Na hita si moto? Basi ni chetezo hicho, kimekuja chenyewe. Nikachukua udi wangu, ule ninaoupika kwa sukari na marashi, nikafunga konzi moja kwenye kitambaa cheupe, nikakaza kwa uzi mwekundu (ndio uliokuwa kwenye cherehani, jamani, sikuchagua), Shabani alipoingia kuoga nikaenda garini, nikausukumia nyuma ya droo ya mbele iliyovunjika, kwenye tundu la kupitia upepo. Ukateleza, ukazama ndani. Nikasema afadhali, hautaonekana.

Bi Rukia alishuka kwenye kivuko na baibui lisilo na mkunjo hata mmoja. Nikamwachia kiti cha mbele. Posta tukapita salama, mvua manyunyu tu, lakini tulipofika Msimbazi ikamwagika, foleni haisogei, Shabani akawasha hita. Kwanza zikaja soksi. Halafu tok-tok-tok ndani ya dashibodi. Halafu harufu ya sukari iliyoungua, na Bi Rukia akapeleka ncha ya mtandio puani, mimi nyuma jasho linanitiririka mgongoni, nasoma kila dua ninayoijua na zile ambazo sijawahi kuzimaliza. Halafu moshi.

"Gari linaungua! Tokeni!" akapiga kelele mpita njia.

Watu wa Kariakoo hawaambiwi mara mbili. Milango ikafunguliwa, Bi Rukia akapitishwa mkono kwa mkono mpaka barazani kwenye duka la vitenge, mtu akamwaga ndoo nzima ya maji ndani ya gari. Shabani akampigia fundi Issa, naye akaja mbio na bisibisi, akapiga magoti, akaingiza mkono, akatoa kitambaa kilichoungua upande, uzi mwekundu unaning'inia.

"Hirizi hiyo!" akasema mama mmoja.

"Fundi, tupa! Mkono utakupooza!"

"Humo nani anamroga nani?"

Fundi Issa akaiachia. Bi Rukia akanigeukia taratibu. "Bi Mwanahamisi, mmenipakia kwenye gari lenye kitu hicho?"

Nilifikiria kukana, wallahi nilifikiria, niseme gari limenunuliwa kwa mtu, labda aliacha yeye. Lakini watu walishaanza kumkodolea Shabani macho, na nikajua nikinyamaza Zuhura ataitwa binti wa nyumba ya wachawi.

"Ni changu," nikasema. "Ni udi. Hita ilikuwa inanuka, nikaona haya, nikaifukiza."

Watu wakaangua kicheko. Bi Rukia hakucheka.

"Kama ni udi, uchome niuone."

Pale barazani muuza kahawa, Mzee Kombo, alikuwa amejibanza na jiko lake. Nikafungua kile kitambaa kwa mkono wangu, watu wakarudi nyuma hatua, nikaweka kipande kwenye kaa. Kikafanya tsss, kikazima. Kimelowa! Nikaweka cha pili. Macho yote kwenye jiko, na mimi namwona Zuhura na sare za harusi alizokwisha kuzichagua. Kisha moshi mwembamba ukapanda, udi wenyewe, hauna shaka. Bi Rukia akashusha mtandio, akainama, akavuta pumzi.

"Umeupika mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bi Rukia."

"Sukari umezidisha. Ndiyo maana unaungua kabla ya kunukia." Akapandisha baibui kidogo asikanyage tope. "Haya, nyumba iko wapi? Nikamwone binti."

Tukaenda kwa miguu. Nyuma fundi Issa ananiita, ameshika kichujio cheusi kimeota ukungu: "Bibi, ugonjwa ulikuwa huu! Bomba la kutolea maji limezibwa na majani! Kazi ya nusu saa!"

Barua ya posa imeletwa, alhamdulillahi. Lakini nimekoma. Kitu kikinuka nitatafuta kwanza kilichooza, na ndani ya gari la mtu sigusi tena chochote, hata dirisha nitaomba nifunguliwe.